Swichi Zilikuwa Nzima

"Wewe badilisha swichi, mambo yaishe!" Shemeji aliegemea mlango wa gari, ananipumulia kisogoni. "Dada yako analitaka gari mchana. Kitu chenyewe redio tu."

Redio tu! Basi angetengeneza yeye. Vitufe vya kwenye usukani vilikuwa vinagoma: sauti haipandi, simu haipokeleki, halafu ghafla vyote vinafanya kazi. Mimi ni fundi umeme wa magari, na kitu kinachopona chenyewe huninyima raha.

Nikachomoa betri, nikasubiri, kisha nikatoa mfuko wa hewa, ule unaofumuka kumkinga dereva gari likigonga. Niliubeba kama yai. Nikaunganisha mita ya kupimia nyaya chini ya usukani, nikamwambia Shemeji abonyeze. Kila kitufe kikajibu sawasawa.

"Si unaona? Vizima," akasema. "Unanichosha bure."

"Endelea kubonyeza, bwana."

Nikazungusha usukani kushoto taratibu. Mita ikafa. Nikaurudisha, ikafufuka. Swichi hazikuwa na kosa. Ulikatika utepe wa nyaya unaojikunja nyuma ya usukani. Na utepe huohuo ndio unaopeleka umeme kwenye mfuko wa hewa; ukikatika, mfuko haufumuki.

Sasa mbona taa ya onyo ya mfuko huo ilikaa kimya? Asubuhi nilipowasha, taa nyingine zote za dashibodi ziliwaka, lakini ile haikuwaka hata kidogo.

"Shemeji, taa ya mfuko imeenda wapi?"

Akakohoa. "Aa, ile... Ilikuwa haizimiki, inaniudhi macho. Jamaa mmoja akaing'oa. Kwani gari si lilikuwa linatembea?"

"Lilikuwa linatembea na dada yangu! Na ujauzito wake huo!" Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia.

Shemeji akajibwaga juu ya tairi kuukuu. "Juzi alifunga breki ghafla, nusura aingie kwenye lori," akasema polepole. "Alinisimulia huku anatetemeka. Mimi nikamcheka."

Dada akaingia getini, mkoba begani, mkono mmoja kiunoni. "Haya jamani, nimechelewa. Nipeni ufunguo."

Shemeji akaukumbatia ufunguo kwa mikono miwili.

"Hapana, mke wangu." "Tunapanda teksi. Nitakueleza njiani, na ukitaka kunipiga, nipige."