Msimu wa Madume Wasiolia

Siku ya mwisho ya msimu, kabla alfajiri haijapambazuka, Verna Ledbetter alichemsha kahawa, akafungua kabati lililo kando ya ngazi. Ndani mlikuwa na bunduki mbili za marisau. Moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya kaka yake, Burl, nayo haikuwa imetoka mle kwa miaka sita. Akaitwaa ya kwake, akapangusa mtutu kwa kitambaa, na mlango wa kabati akauacha wazi. Usiku uliotangulia alikuwa ameweka nadhiri mbele ya Mola wake: asiposikia kwa masikio yake mwenyewe mlio wa dume mmoja wa bata mzinga wa mwituni kabla ya saa saba mchana, saa ambayo sheria hufunga uwindaji, basi bunduki ile itarudi kando ya ile ya Burl na haitatoka tena.

Nadhiri hiyo ilikuwa na asili yake. Miaka sita nyuma, Burl alikuwa ameketi chini ya mwaloni akimwita ndege, na mwindaji mgeni akapita nyuma yake. Mgeni alitamka kwa sauti, kama ilivyo ada, "Mtu hapa." Akarudia mara tatu. Burl hakusikia. Alichokiona ni kichaka kutikisika, naye akainua bunduki. Verna, aliyekuwa hatua ishirini pembeni, alipiga ukelele, na kwa rehema za Mungu ukelele ule ulifika kabla kidole hakijafyatua risasi. Jioni hiyo alikwenda nyumbani kwa kaka yake, akaichukua bunduki mbele ya mkewe na wanawe.

"Msituni sikio ndilo linalokwambia kwamba mtu ni mtu," alisema. "Lako limekwenda, kaka. Hii sikupi tena."

Burl aliinamisha kichwa akaendelea kumenya viazi. Na mezani alikuwa bado anasikia kila neno, hata lililonong'onwa kumsema yeye. Zilizompotea zilikuwa sauti za mbali.

Tangu siku ile, kila mwindaji wa vilima vile vya kusini mwa Missouri alijua kanuni ya Verna, na Verna mwenyewe aliisema mbele ya watu mara nyingi mno hata asingeweza kuimeza.

Mwaka huu alikuwa ametimiza miaka sabini na mitatu. Binti yake alipokuja kwa Pasaka, alichukua rimoti akapunguza sauti ya televisheni bila kusema neno, na Verna akaliona jambo hilo, akalinyamazia. Wiki mbili baadaye msimu ukafunguliwa.

Asubuhi ya kwanza alisimama kwenye lango la malisho pamoja na Hoyt, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye mwenzake wa kuwinda kwa miaka thelathini. Baridi ilikuwa bado imelala juu ya majani kama unga. Hoyt alikusanya viganja mdomoni akaiga sauti ya bundi, maana dume aliye juu ya mti alfajiri akimsikia bundi hushindwa kujizuia, hujibu kwa hasira. Wakangoja. Hoyt akaelekeza kidevu upande wa bonde.

"Umesikia, shemeji?" alinong'ona.

Verna hakuwa amesikia kitu ila vyura. Akawaza: huyu haulizi ila amesikia.

"Nimesikia," akasema. "Yuko mbali kidogo."

"Ng'ambo ya kijito?"

"Hapohapo."

"Basi ndiye huyo," akasema Hoyt, na kwa saa nne wakapanda na kushuka wakimfuata ndege ambaye Verna alijua kwamba kwake yeye hakuwapo.

Ndivyo zilivyopita wiki tatu. Theluji ilianguka siku moja katikati ya Aprili, kisha ikaja mvua, kijito kikafurika, na ilipotulia wakatoka kupe wa kutosha kumvika mtu soksi. Majani ya mialoni yalifunguka mapema, hata jicho halikupenya hatua hamsini. Kila asubuhi Hoyt aliiga bundi, kila asubuhi aliuliza, na kila asubuhi Verna alijibu kuwa amesikia. Kisha walirudi kwenye duka la petroli la njia panda, ambako wawindaji hunywa kahawa wakiwa na matope magotini, na huko ndiko maumivu yalikokuwa.

"Mimi leo nimesikia watano," husema Dewayne, mkata mbao, "na hapo sijafunga hata mlango wa pikapu."

"Kwangu wamelia mpaka mbwa kaingia uvunguni," husema mwingine.

Hakuna mwindaji katika vilima vile atakayekueleza kweli ni wapi dume alipolia. Atakuonyesha kaskazini ilhali alikuwa kusini, na hakuna atakayemlaumu. Lakini kwamba dume amelia au hakulia, hilo Verna aliamini kuwa halisemewi uongo. Hivyo alikunywa kahawa yake akahesabu: watano wa Dewayne, wanne wa huyu, watatu wa yule, na yeye hata mmoja. Wanaume hao walikula mikate yao ya mchuzi mweupe wa soseji wakicheka, naye akatazama midomo yao, akijiuliza ni lini itaanza kumpotea sauti hiyo nayo.

Siku hiyo ya mwisho Hoyt alishuka garini akishika goti.

"Shemeji, leo tukikosa, nitanunua kuku wa dukani nimwite bata mzinga."

"Umemwita hivyo tangu ujana wako," akasema Verna. "Marehemu kaka yako alikuwa akikusitiri tu."

Wakafika langoni. Hoyt akaiga bundi. Ukimya ukatanda, mrefu, wenye vyura ndani yake.

"Umesikia?"

Verna alikuwa amechoka kusema uongo, na siku ya nadhiri si siku ya kuongeza dhambi.

"Hapana," akasema. "Sikusikia kitu."

Hoyt alimtazama muda mrefu kuliko kawaida. "Haya," akasema mwishowe, kwa upole usio wake. "Twende tukaketi."

Upole ule Verna aliusoma kuwa ni huruma, nao ulimkata kuliko dhihaka yoyote.

Waliketi bega kwa bega chini ya mwaloni mnene ukingoni mwa malisho ya zamani. Verna akatoa kisanduku chake cha mwerezi cha kuitia ndege, akakipaka chaki, akasugua kifuniko polepole, na kisanduku kikalia kama jike mpweke anayeuliza kama kuna mtu. Alikiweka pajani. Hakuna aliyejibu. Ikapita saa mbili, ikapita saa tatu. Jua likapanda likakausha umande. Kila robo saa alisugua mara tatu, akangoja, na katika kungoja kule aliwaza juu ya Burl na viazi vyake. Hakuwahi kumuuliza kaka yake jioni ile ilikuwaje kwake. Alidhani kuwa na haki kulitosha.

Saa nne. Saa nne na nusu. Hoyt alisinzia, akashtuka, akasinzia tena.

Ilipofika saa tano na dakika ishirini, Verna alisugua kisanduku kwa namna ya kuaga, taratibu, kama mtu afungaye mlango wa chumba cha mgonjwa. Na nyuma ya maua meupe ya miti midogo iliyokuwa mbele yao, karibu sana, msitu ukapasuka. Mlio ulishuka kutoka kooni mwa yule dume kama mawe yanayoporomoka ndani ya pipa, ukampita Verna kifuani, ukagonga kilima cha pili ukarudi.

Hakusogea. Machozi yalimjaa papo hapo, naye akaogopa hata kupepesa macho. Kisha ikamjia hofu nyingine: je, ikiwa ameota? Ikiwa sikio linalokufa hujitungia lenyewe kile linachokitamani? Akageuza macho peke yake, bila kichwa, amtazame Hoyt. Mguu wa Hoyt ulikuwa umeruka kutoka mahali ulipokuwa, na kofia yake imekaa upande.

"Shemeji," alinong'ona Hoyt bila kutikisa midomo. "Huyo amelia."

"Amelia."

"Ee Mungu, amelia kweli. Nami nilidhani nimekuwa kiziwi."

"Ulidhani nini?" akauliza Verna.

"Sijasikia hata mmoja tangu siku ya kwanza. Hata mmoja, shemeji."

"Na yule wa ng'ambo ya kijito?"

"Wewe ndiye uliyemsikia."

"Mimi? Wewe ndiye uliyeuliza."

"Niliuliza kwa sababu nilikuwa sisikii."

"Nami nikajibu kwa sababu nilikuwa sisikii."

Mbele yao majani makavu yalianza kulia chini ya miguu ya ndege, hatua, hatua, kituo.

"Kwa nini hukuniambia?" akanong'ona Verna.

"Nikwambie wewe? Ungekuja jioni ileile na lile kabati lako."

Dume akajitokeza. Kichwa chake kilikuwa chekundu na cheupe na samawati, mkia umefunguka wote, ndevu za kifuani zikigusa nyasi, naye alikuwa hatua arobaini, mzito, mzima, akimtafuta kwa macho jike aliyeita. Verna alikuwa na bunduki juu ya goti. Alichotakiwa kufanya ni kutulia tu.

"Magoti yangu," alinong'ona Hoyt kwa uchungu. "Kilima kile nimekipanda mara kumi na moja, namfuata ndege aliye kichwani mwako."

Kicheko kilianzia tumboni mwa Verna. Alikiuma, kikapanda. Akabana pua, mabega yakaanza kutikisika, mtutu ukacheza juu ya goti kama kijiti cha mtu avuaye samaki, na mwishowe kikamtoka puani kwa sauti ya birika linalochemka. Dume akakunja mkia, akanyoosha shingo, akatoa mlio mmoja mfupi wa hofu, na kabla Hoyt hajapata kulaani alikuwa ameshapiga mbio akazama vichakani.

Wakacheka hadi Hoyt akalala ubavu. Kila mmoja alipotaka kusema neno alimtazama mwenzake, na neno likamwishia. Waliketi pale mpaka saa saba, pasipo matumaini na pasipo haja nayo, wakala mkate wenye nyama, kisha wakatoa risasi bundukini na kuteremka.

Dukani Dewayne aliinua kikombe. "Haya, bibi mkubwa. Wangapi leo?"

"Mmoja," akasema Verna, kwa sauti iliyofika hadi kwenye friji za soda. "Na msimu mzima, ni huyohuyo mmoja."

Kijiko kiligonga sahani, kikanyamaza.

"Wale watano wako, Dewayne," akauliza Hoyt, "ulisema walilia wapi?"

"Labda walikuwa wawili," akasema Dewayne.

"Dewayne," akasema Verna.

"Basi. Hakuna." Akatazama kahawa yake. "Nilidhani nyinyi wote mnawasikia."

Mwenye duka, aliyekuwa akifuta kaunta, alisema bila kuinua macho kwamba vifaranga wa mwaka juzi walikufa maji katika mvua za Juni, na dume wa miaka miwili ndiye mwenye kelele; sasa wangelia kina nani? Wawindaji wakaitikia kwa vichwa kana kwamba walilijua hilo tangu mwanzo.

Verna hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alimkuta Burl barazani kwake, na kisu, na beseni la viazi. Akavuta kiti karibu, akachukua kiazi, akamsimulia yote: televisheni, nadhiri, kidevu cha Hoyt, ndege aliyekimbizwa na kicheko. Kisha akasema lile alilolichelewesha miaka sita.

"Jioni ile sikukuuliza hali yako. Nilichukua tu, nikaondoka."

Burl alimenya ganda refu bila kulikata. "Ilikuwa mbaya," akasema. "Lakini ungeniachia, ingekuwa mbaya zaidi." Akatupa kiazi majini. "Kwa hiyo bunduki yako inabaki mkononi."

"Inabaki."

"Na yangu?"

"Yako inabaki kabatini."

Burl akacheka kimyakimya, mabega yakitikisika. "Nilitaka kusikia tu kama bado una akili," akasema, akamsogezea beseni.