Wahandisi Wenye Adabu

Bosi wangu Riaz, muuzaji wa pampu za sola, huajiri wahandisi kama mtu anayemwoza binti yake. Ofisini kwetu Musinzira, hapa Gitega, diploma huja baadaye. Kwanza anauliza: ni mtoto wa nani, huwaitikia wakubwa vipi, amewahi kumbishia mwalimu? Mimi, mkuu wa wahandisi, nilimwomba wabishi. Akaniletea Amissi na Prosper, watu wa adabu tele, na kwa adabu hiyo hiyo pampu ya kwanza ya Butihinda, kule Muyinga, ikaungua.

Amissi alipima kisima wakati wa mvua. Prosper alipotumwa kuiweka pampu, kiangazi, alikuta maji yameshuka sana. Akaishusha kwenye kina kile kile alichoandika Amissi. Ikavuta hewa siku chache, ikafa.

Safari ya kurudi Muyinga, sisi watatu na Riaz kwenye usukani, niliifanya nimechoka mpaka kope. Pampu tuliyobeba ndiyo ya mwisho. Wafadhili wa kisima walishasema hakuna ya tatu.

"Uliona maji yameshuka?" nilimuuliza Prosper kisimani.

"Niliona, chef. Lakini Amissi iko mukubwa yangu. Mi nitamusahihisha namna gani?"

"Na we, Amissi, hukufikiria kiangazi?"

"Nilifikiria. Nikaona nikimuuliza Prosper kama amepima tena, atasema simuamini."

Nilitamani kulia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikuwa tumefichana kwa heshima zote. Wanawake wa kijiji walikwisha kupanga madumu yao, wanatutazama.

"Shusha hii leo leo," alisema Riaz. "Mi niliahidi hawa wamama."

Mabomba tuliyokuja nayo yalikatwa kwa vipimo vile vile vya mvua, yalikuwa mafupi. Nilijua. Lakini nilikuwa nimechoka kubishana na Riaz miaka yote hii, na neno "sawa" lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Hapana, patron," alisema Prosper. "Bomba haifiki. Pompe itaungua kama ile ingine."

Riaz alimgeukia Amissi, akingoja mkubwa amkemee mdogo wake. Amissi alitazama chini kwanza.

"Prosper iko anasema kweli, patron. Ile mesure yangu ya wakati wa mvua haifai tena."

Riaz hakunitazama hata mimi. Alituachia pampu chini, akawasha gari na kuondoka.

Mama mmoja aliinua dumu lake tupu. "Mulisema leo," aliniambia, akaanza kuteremka bondeni kuteka maji, na wenzake wakamfuata. Neno hilo liliniuma kuliko hasira ya Riaz.

Amissi na Prosper walikuwa wamekaa juu ya mabomba, wakibishana kwa sauti ni mita ngapi ziongezwe, mdogo akimkatiza mkubwa bila hata kuomba radhi. Nilikuwa na njaa, sina gari, na huenda sina kazi. Nikaenda kukaa katikati yao, nikawaambia wote wawili wamekosea hesabu.