Kidole cha Shahada

Msumeno wa mkanda ulimkata fundi kidole cha shahada Jumanne, saa nne asubuhi, akipasua mguu wa meza. Alhamisi kidole kilirudi kazini.

Fundi alikikuta juu ya meza ya mashine, safi, vumbi la mbao limekikalia kama unga. Alikisogeza kwa penseli, akawasha. Mkanda ukaanza kuzunguka na ule mlio wake wa kuleta usingizi. Kidole kikatambaa kama kiwavi, kikajilaza shibiri moja kutoka kwenye meno. Mkono wa fundi ulipotaka kukipita, kiligonga meza mara moja. Fundi akachukua kijiti, akausukuma ubao kwa kijiti.

"Kimepata akili," alisema shemeji yake, kaka wa mkewe, akipiga msasa pembeni. "Kilipokuwa mkononi mwako kilikuwa wapi?"

"Kilikuwa kinakungoja wewe uje ukiseme."

Fundi ndiye aliyemtafutia shemeji kazi pale. Kuanzia Jumatatu shemeji angeshika mashine, maana bosi alisema fundi amekuwa mzito. Mkewe fundi alisema jambo moja tu: "Kaka yangu umrudishe mzima."

Mashine ilipozimwa, kidole kiligeuka kikanyooka kuelekea mlango wa ofisi. Hapo ukutani, kwenye msumari, ilining'inia kinga: bamba la chuma linalofunika mkanda na kushushwa mpaka juu kidogo ya ubao, mkono usipate pa kupita. Bosi aliitoa mwaka jana. Kuipandisha na kuishusha kwa kila ubao kulimchelewesha.

Bosi alitoka na kikombe chake cha chai. Akakigeuzia kidole dirishani. Kikarudi. Akakigeuza tena. Kikarudi.

"Kinataka nini?"

"Ni cha shahada, bosi. Kinashuhudia."

"Kishuhudie, ila kisinijazie meza."

"Tuirudishe ile kinga, bosi."

"Tukimaliza oda hii." Akavua koti, akalitundika juu ya kinga.

Ijumaa kutwa fundi alimfundisha shemeji. Vua saa, kunja mikono ya shati. Usivae glavu. Usiuvute ubao nyuma mkanda ukizunguka. Zima, ngoja usimame kabisa. Kila neno kidole kiligonga meza, kama mzee anayekubali.

"Nyie wawili mnanichosha," alisema shemeji, lakini alishika yote.

Jumatatu alikata vizuri. Jumanne pia, vumbi lilielea kwenye jua la dirishani na karakana nzima ikanukia mbao mbichi. Jumatano ubao ulikuwa na fundo. Kidole kiligonga mara tatu. Ubao ukaruka, kijiti kikateleza, na mkanda ulikuwa wazi urefu wa mkono mzima.

Ijumaa vidole vilikuwa vitatu mezani, vimejipanga, vyote vikielekea kwenye koti. Bosi huvipangusa kwa brashi wateja wanapokuja. Oda ile iliisha, ikaja nyingine.

Siku hizi mke wa fundi huamka mapema zaidi. Humfunga mumewe vifungo vya shati, kisha kaka yake. Wanaume hao wawili walikuwa na vidole ishirini. Fundi amebakiwa na tisa, shemeji vinane. Iliyobaki nzima ni kinga, chini ya koti.