Kinda la Kipanga Limekua

Mtu akifikisha miaka arobaini na minne, ana mke, kitambi na shule ya udereva, hatarajii tena kuitwa Kinda. Lakini ndivyo mji mzima ulivyomwita, kuanzia muuza magazeti hadi askari wa barabarani: "Kinda! Kipanga hajambo?" Yeye mwenyewe kama hajambo, hakuna aliyejali.

Kipanga alikuwa shujaa wa mji. Aliruka angani bila mbawa, akainua mabasi, akakamata majambazi kwa mkono mmoja. Kinda, msaidizi wake, hakuwa na nguvu yoyote. Tangu ujana kazi yake ilikuwa kubebwa kwapani kama kuku anayepelekwa sokoni, kupiga kelele "Angalia nyuma!", kupeleka joho kwa dobi, na kutekwa. Kwenye kutekwa ndiko alikobobea. Alitekwa mpaka majambazi wengine wakajua anakunywa chai yake na sukari kiasi gani.

Jambo moja tu alimzidi Kipanga ujanja: alimpenda binti yake, binti naye akampenda. Kipanga alikuja kushtuka siku ya posa, akaruka akakaa mawinguni hadi jua likatua. Akashuka, akakubali, lakini kumwita mkwe kukamshinda. Alimwita "kijana", vilevile kama zamani.

Sasa Kipanga amezeeka, na siku moja asubuhi Kinda alikuwa anamfundisha mshona mapazia mmoja, mama wa makamo mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, kurudisha gari nyuma. Simu ikalia. Alikuwa mkewe.

"Baba amekwama."

"Amekwama wapi?"

"Juu ya lile jengo refu la benki. Upepo ulipeperusha shuka la yule mjane jirani yake, basi naye akajitia ujana akalifuata. Alipofika juu akaangalia chini, magoti yakagoma. Ameshika mlingoti wa antena hataki kuuachia."

"Waite zimamoto."

"Watu wamwone Kipanga anashushwa na zimamoto? Sikiliza, baba watoto. Ukimwaibisha baba yangu, usirudi nyumbani. Na ukimwacha aruke tena, usirudi vilevile."

Simu ikakatwa. Kinda akabaki ameikodolea macho kama mtu aliyepewa mtihani ambao majibu yake yote ni makosa.

"Kuna nini, mwalimu?" akauliza mshona mapazia.

"Mkwe."

"Pole sana," akasema yule mama, na ilionekana pole ile imetoka moyoni. "Haya, nielekeze njia." Akatia gia kabla ya kuruhusiwa.

Walifika salama, ukiacha pipa moja la taka. Chini ya jengo watu walikuwa wamejaa, shingo zimepinda kama mabomba. Lifti ilikuwa mbovu, maana lifti huchagua siku ya kuharibika. Kinda akapanda ngazi, kitambi kikimtangulia, hadi akatokeza juu ya paa jasho likimchuruzika.

Kipanga alikuwa ng'ambo ya ukuta mfupi, pembeni kabisa, ameukumbatia mlingoti kama mtu aliyekutana na nduguye waliyepoteana naye. Shuka la maua lilikuwa limejizongazonga shingoni mwake, juu ya joho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa, kijana."

"Mnasumbuliwa na nini huko?" Kinda akauliza, kwa ule wingi wa heshima anaostahili mkwe.

"Sisumbuliwi na kitu. Niko doria."

"Mbona mmefumba macho?"

"Nasikiliza."

Kinda akaegemea ukuta apumue, na shetani akampitia. Aliikumbuka siku aliyoning'inizwa kwenye mnara wa saa tangu asubuhi, njaa inamuuma, kwa sababu Kipanga alikuwa bado anahojiwa na magazeti. Angeweza kushuka akanywe soda kwanza. Nani angemlaumu? Kisha akaiona mikono ya mzee. Ilikuwa imeung'ang'ania mlingoti. Na mikono ile ndiyo iliyomtoa kwenye moto uliowachukua wazazi wake wote wawili, na iliyomlisha uji alipokataa kula.

Akakohoa, akatoa ile sauti yake ya kazini, sauti anayoitumia pale mwanafunzi anapoganda katikati ya makutano ya barabara.

"Fungueni macho. Msitazame chini. Tazameni mbele, mnitazame mimi. Haya, achieni mkono wa kushoto. Taratibu, kama klachi."

"Klachi ndiyo nini?" Kipanga hakuwahi kuendesha gari maishani mwake. Mtu anayeruka ataendesha gari la nini?

"Ni kitu ambacho ukikiachia ghafla unarukaruka, halafu unazimika."

"Basi ndicho kilichonipata leo," akasema mzee, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mzee kweli.

Mkono wa kushoto ukaachia. Kinda akaudaka, akauvuta kwa nguvu zake zote, shujaa akaangukia upande wa ndani wa ukuta, wakabiringishana juu ya paa kama magunia. Kipanga alimshika shati, asimwachie kwa muda mrefu.

"Watanicheka," akanong'ona.

"Hawacheki mtu. Tukifika chini mimi nitazirai, nyinyi mtasema mmeniokoa. Kuzirai nakujua."

Wakashuka ngazi wakipumzika kila ghorofa. Mlangoni mwandishi wa habari akawarukia. "Kipanga! Umemwokoa Kinda tena?"

Kinda akalegeza magoti, akageuza macho juu, tayari kuanguka. Mkono ukamzuia.

"Simama wima," Kipanga akamwambia. Kisha akaugeukia umati. "Leo mimi ndiye niliyeokolewa. Nilishikwa na woga. Mkwe wangu huyu ndiye aliyenishusha."

Kisha mjane akapenya katikati ya watu, akalitoa shuka shingoni mwa shujaa, akalikunjua. "Limechanika!"

"Lete, nitalishona," akasema mshona mapazia. Akalipapasa joho la Kipanga kwa vidole viwili, akaguna. "Na hili pazia nalo linahitaji pindo."

Hapo ndipo watu walipocheka, na Kipanga akacheka nao.

Nyumbani mke wa Kinda aliwapokea mlangoni, mikono kiunoni. "Nilikwambia usimwaibishe!"

"Sikumwaibisha. Kajiaibisha mwenyewe, kwa kupenda kwake."

Mke akamtazama baba yake, baba yake akaitikia kwa kichwa, akaomba chai. Mke akamsogezea mumewe kiti naye akae.

Kipanga hakuruka tena. Wiki iliyofuata alijiandikisha katika shule ya mkwewe, akawa mwanafunzi mgumu kuliko wote: taa nyekundu aliipita, kwa kuwa mawinguni hakuna taa, na alipoanguka mtihani wa kwanza akamtangaza mtahini kuwa adui wa wanadamu. Mtihani wa pili nao akaanguka. Wa tatu akapita. Jumapili hiyo akawapakia binti, mkwe na wajukuu wote, akashika barabara kuu kwa mwendo wa konokono. Foleni ndefu ikajipanga nyuma yake, magari yote yakimpigia honi, na Kipanga akatoa mkono dirishani, akawa anawapungia, akidhani wanamshangilia.