Wali Uliojiivisha Kapuni

Mama alikuwa amekwisha kukosa darasa mara mbili, na sheria ya darasa la jioni la watu wazima hapa Kabambare haina huruma: anayekosa mara ya tatu humwachia mwingine nafasi yake. Wanaoingojea nafasi ni wengi. Mara zote mbili, kilichomzuia mama kilikuwa wali.

Mwalimu Marcellin hufundisha kusoma na kuandika siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Nusu saa baadaye baba hurudi kutoka shambani na njaa yake. Na mama alilelewa akiamini kwamba wali hauachwi peke yake: sharti ulindwe, uonjwe, upunguziwe moto, uwekewe makaa juu ya kifuniko. Mtu hawezi kulinda sufuria huku akiandika ubaoni.

Mimi nilikuwa nimekuja likizo kutoka Kasongo, ninakosomea maendeleo ya vijijini. Ilibaki juma moja tu. Jumamosi pikipiki ingenirudisha chuoni. Niliapa kwamba kabla ya siku hiyo nyumba yetu ingekuwa na chakula cha jioni kisichomdai mama saa zake za masomo.

Chombo changu kilikuwa kapu. Nililijaza makapi ya mpunga niliyoyaokota kwenye mashine ya kukobolea, nikaacha shimo katikati lenye ukubwa wa sufuria. Wali ukichemka dakika kumi, sufuria hufunikwa, hutiwa ndani ya shimo hilo, hufunikwa tena kwa blanketi kuukuu, kisha wali hujiivisha wenyewe kwa joto lake. Hakuna makaa yanayoteketea, wala mtu wa kulinda.

Jumatatu nilikwenda sokoni kwa Mama Aïcha, mfanyabiashara wa kutoka Uvira aliyefuata wachimba dhahabu wa Lusangi na kugundua kwamba wachimbaji hula kila siku, hata siku wasipopata dhahabu. Nilichagua mchele mweupe kuliko wote, unaong'aa. Nikapima vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele, kama nilivyozoea chuoni, nikauchemsha, nikaufukia. Mama akatoka na daftari lake chini ya kikwembe alichojifunga, akigeuka nyuma mara tatu kulitazama kapu.

Saa kumi na mbili na nusu tulilifungua mbele ya baba. Alichota, akainua kijiko, akakiinamisha. Wali haukudondoka. Ulishuka polepole, wote pamoja, kama mtu mnene anayetoka kitandani.

"Sonia, mutoto yangu, hii ni wali ao ni uji?"

"Ni wali, papa."

"Basi hii wali imelia sana."

Mimi nilicheka kidogo, mama hakucheka. Aliliweka daftari juu ya kabati, mahali anapoweka vitu asivyovihitaji.

"Jumatano siendi. Papa yako analima tangu asubuhi. Hawezi kula herufi."

"Lakini mama, itakuwa mara ya tatu!"

"Najua kuhesabu. Nilijua hata mbele ya kufundishwa na Marcellin."

Kesho yake asubuhi nilianza kulichunguza kapu, nikidhani joto lilikuwa limezidi. Mama aliniacha nihangaike, kisha akachukua punje moja mbichi kutoka mfuko wangu, akaing'ata.

"Kapu haina kosa. Hii muchele iko mupya. Imevunwa juzi-juzi, maji ya shamba ingali ndani. Wewe umeipa ingine tena. Kwenye moto ningeiona, ningemwaga. Kwenye kapu nani ataiona?"

Kwa miaka mitatu nilikuwa nimesoma majedwali ya mavuno, na hakuna mtu aliyeniambia ning'ate punje. Nikamwomba anifundishe kuchagua. Alisitasita, lakini tulikwenda pamoja.

"Mwanafunzi wetu!" Mama Aïcha alitupokea. "Wali ulikuwa namna gani?"

"Tuliunywa," mama akajibu.

Mama Aïcha alicheka hadi akashika meza. "Aliniomba muzuri wa macho. Hakuniomba muzuri wa sufuria."

"Si ungeniambia, Mama Aïcha!"

"Mudogo yangu, ulinifasiria mambo ya vitamini nusu saa nzima. Ningeingilia wapi?"

Mama alipita gunia kwa gunia. Alitumbukiza mkono hadi kiwiko, kwa kuwa juu huwekwa mchele wa kupendeza na chini huwekwa ukweli. Alinusa. Aliutandaza kiganjani ili aone punje zilizovunjika. Mwisho aling'ata, akanipa nami. Punje ya mchele mpya ililegea kati ya meno. Ile ya msimu uliopita, iliyokaa mwaka mzima ndani ya maganda na kukobolewa juma lile, ilikatika kwa sauti, kama kijiti kikavu.

"Watu ya Lusangi wananunua huu tu," alisema Mama Aïcha. "Unavimba mpaka unajaza sahani."

Tulinunua huo wa zamani, wa kutosha juma moja tu. Nyumbani tulikuwa na gunia la mpunga wetu wa msimu huu, nikapendekeza tulikoboe zima, tupumzike miezi mitatu. Mama alitikisa kichwa.

"Mupunga ukivuliwa nguo, wadudu wanauona."

Basi mpunga ukabaki na maganda yake, juu ya mbao, mbali na ukuta. Mchele tuliuchambua mawe siku hiyo hiyo, wote, ili jioni zote zilizobaki mikono iwe huru, tukautia ndani ya bidoni kavu la plastiki lenye kifuniko, pamoja na pilipili zilizokaushwa za kufukuza wadudu.

Jumatano, saa tisa na nusu, mama aliinjika sufuria mwenyewe. Aligusa mchele kwa ncha ya kidole, akamimina maji yafike kwenye kiungo cha kwanza. Dakika kumi zikapita, tukaufukia. Kisha akasimama pale pale, mikono kiunoni. Daftari lilikuwa bado juu ya kabati.

"Na ikiwa uji tena?"

Aliyejibu ni baba, aliyerudi mapema kwa sababu mawingu yalitanda upande wa shamba.

"Mama Sonia, wende. Ikiwa uji, nitakunywa mara ya pili. Sikukufa Jumatatu."

Akalishusha daftari, akampa. Mama alitoka karibu mbio.

Lakini ahadi ni rahisi kuliko njaa. Kabla ya saa kumi na moja baba alikuwa amekwisha kulizunguka kapu mara nne, na kila aliponyoosha mkono nilimkataza, kwa kuwa kapu likifunguliwa joto hukimbia. Hatimaye akakaa juu ya kigoda, magoti yakiligusa. Jirani yetu, Amisi, akapita na baiskeli yake, akamwita baba:

"Antoine, unaatamia?"

"Ndiyo. Na mayai ikipasuka mbele ya saa kumi na mbili, huyu binti ataniua."

Mama alirudi akihema. Alifunua blanketi, kisha kifuniko. Mvuke ulimfunika uso. Baba alichota, akainua kijiko, akakiinamisha, na punje zikaanguka moja moja. Alikula sahani mbili, na mboga yote ya sombe, majani ya muhogo.

Ijumaa mama alikwenda darasani moja kwa moja kutoka shamba la karanga, hivyo baba alirudi mapema: ilikuwa zamu yake kupika. Alisema nisiguse kitu, kwani kesho nisingekuwapo. Nilimtazama akinyoosha kidole kuelekea sufuria, nikaogopa: kiungo kimoja cha kidole chake ni viwili vya mama.

Lakini baba alikuwa akinionyesha tu mwiko uliotundikwa ukutani. Kwenye ncha ya mpini wake mama alikuwa amechonga mistari miwili kwa kisu, na kando ya mstari wa juu herufi Z, wa chini M. Mchele wa zamani, maji mengi; mpya, machache.

"Amesema kidole kiko cha kila mutu," baba alinieleza, "lakini mwiko uko yetu sisi wote."

Akausimamisha mpini juu ya mchele, akamimina maji kwa uangalifu hadi kwenye Z.

Mama aliporudi, wali ulikuwa mezani. Akaonja, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani amepika?"

"Kapu," baba akajibu.

Mama akacheka, akafungua daftari kando ya sahani, akaanza zoezi la Jumatatu huku wali ungali ukitoa mvuke.