Jiko Moja la Darasa Zima

Mwalimu wa jiografia aligundua mambo yameharibika akiwa ofisini, kikombe cha chai mkononi, akizitazama kwa utulivu kwa mara ya kwanza filamu za wanafunzi wake. Zilishatumwa ng'ambo tangu juzi. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kama kumsukuma mlevi: kila mmoja ajirekodi nyumbani kwao asubuhi, aonyeshe maji yanatoka wapi na yanatumikaje. Kisha darasa lake na darasa rafiki la nchi ya mbali, lililotangulia kutuma filamu zake, wangelinganisha, wajue nani ana maji na nani anayasikia tu. Basi tazama sasa. Mtoto wa kwanza anachota maji, nyuma yake birika jekundu. Wa pili, birika jekundu. Wa tatu, lile lile, limepinda mdomo vile vile. Alipofika kwa msichana ambaye wenzake walimbatiza Redio kwa kutojua kunyamaza, chai ilikuwa imepoa.

Akamwita ofisini. "Hili jiko la nani?"

"La shangazi yangu, Mwalimu. Bomba liko ndani, na ukutani kuna vigae. Tulikwenda kwa zamu, darasa zima. Shangazi alinuna kidogo, tulimlowesha sakafu."

"Na kwenu hakuna jiko?"

Redio, kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, alipunguza sauti. Akatazama viatu vyake. "Kwetu bomba halitoi maji, Mwalimu. Tungeonekanaje mbele za watu?"

Mwalimu alitaka kugomba, akaacha. Tatizo ni kwamba kipindi hiki cha Ijumaa cha darasa rafiki alikuwa amekipigania kwa jino na ukucha, na Mwalimu Mkuu, mtu asiyetafuna maneno, alikuwa ameshamwambia: leo mkizungumza na hao wenzenu nitakaa nyuma, na nikiona ni mchezo wa kuigiza, kipindi kinarudi kwenye marudio ya hesabu. Mchezo wa kuigiza! Kama vile kuna aliyemtonya.

Saa ya mazungumzo ikawadia. Picha ya darasa rafiki ikatokea ukutani, mwalimu wao mbele, mama wa makamo mwenye miwani kichwani. Pande zote mbili zilikuwa zikichechemea na lugha moja ya kuazima, lakini zilielewana. Salamu zikapita vizuri. Kisha yule mama akasema watoto wake wamekwama kwenye mahesabu ya maji ya kila nyumba.

"Samahani kuuliza," alisema. "Ninyi nyote ni ndugu? Mnaishi nyumba moja?"

Darasa likaziba midomo. Kule nyuma kiti cha Mkuu kililia. Neno "bweni" lilimfika mwalimu ulimini, limeiva kabisa. Angesema tu wanafunzi wake wanalala bweni, mambo yangekwisha. Lakini watoto wa watu walikuwa wameketi na kalamu wakigawanya maji ya uongo, na hilo alishindwa kulimeza.

"Hapana," akasema, jasho likimtoka. "Hilo ni jiko la shangazi wa mmoja wao. Waliona aibu kuonyesha kwao. Kosa ni langu, nilituma bila kutazama. Tusameheni."

Kule upande wa pili picha ilikuwa kama imeganda. Hakuna aliyejikuna. Mwalimu alidhani mtandao umekatika, na moyoni akaomba iwe hivyo. Ndipo yule mama alipoinama chini ya meza, akanyanyua paka wa kijivu mwenye sikio lililochanika.

"Huyo!" Redio akapayuka. "Yumo kwenye filamu zao zote!"

Yule mama alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Paka ni wake, alikiri, humfuata hata shuleni, na nyumba ya kwenye filamu pia ni yake. Wanafunzi wake nao waliona haya. Mmoja, ghorofani kwao, hata maji ya moto hupata kwa kubahatisha. Basi yeye mwalimu wao akawafungulia mlango wake, akajiambia nani atajua.

"Na ninyi mlimwona huyu paka siku zote?" mwalimu aliwageukia wake.

"Tulimwona kabla hatujaanza, Mwalimu," Redio akajibu. "Tukadhani ndivyo kazi hii inavyofanywa."

Aliyeanza kucheka ni Mkuu. Alicheka mpaka akavua miwani, na watoto wa kule, bila kujua anacheka nini, wakamfuata. Mwalimu aliketi ukingoni mwa meza. Alijihisi mwepesi, kama aliyetua gunia.

"Rudieni yote," Mkuu alisema akijifuta macho. "Kila mtu kwao. Hesabu zitasubiri."

Wakati wa kutoka Redio alibaki mlangoni. "Mwalimu, sisi tunachota kwa jirani. Na ndoo yetu imetoboka, tumeiziba kwa plastiki. Nirekodi hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Msichana akashusha pumzi ndefu. "Afadhali," alisema. "Shangazi alisema hataki kutuona tena."