Dirisha la Mzee Alwyn

Kuna watu wakikosa hawalali. Mimi nilikosa na nikalala fofofo miezi mitatu mizima, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Naitwa Nev Hurley. Kazi yangu ni kuhamisha nyumba, hizi za mbao za huku kwetu Queensland zilizokaa juu ya nguzo fupi. Tunaipiga nyumba jeki, tunapenyeza lori chini yake, tunaondoka nayo na mapazia yake. Tukifika kiwanja kipya tunaipandisha juu ya magogo, tunachimbia nguzo mpya, tunaiteremsha taratibu. Miaka ishirini na sita sijavunja hata kioo.

Mzee Alwyn Gerke na mkewe Coral waliniita baada ya mto kuingia sebuleni mwao mara ya tatu. Walikuwa wamepata kiwanja kule juu kilimani. Binti yao aliwaambia wajenge nyumba ya matofali, mambo yaishe, lakini Coral akakataa katakata. Mumewe alipofuka akiwa na miaka arobaini, sasa ana themanini na moja, na nyumba ile anaijua ubao kwa ubao.

"Nikimtoa humu atakaa kwenye kiti kama mgeni mpaka afe," Coral aliniambia. "Nyumba lazima iende naye."

Siku hiyo mzee alinikaribisha jikoni. Akaketi mezani, mahali pake pa siku zote, dirisha likiwa mkono wake wa kulia.

"Nev, nina ombi moja tu. Hili dirisha linatazama mashariki. Na huko litazame mashariki."

"Unapenda kuota jua, Mzee?"

"Kuota nini! Hii ndiyo saa yangu. Jua likinigusa mkono huu najua kumekucha. Likiniacha najua mchana umeingia. Watu wanasema nina saa kichwani, na mimi nawaacha waseme. Hata Coral hajui."

"Miaka yote hiyo hujamwambia?"

"Kila kitu anakijua yeye. Niachieni na mimi kaujanja kangu."

Nikacheka, nikamwahidi. Nilimpa na mkono.

Siku ya kuhama aliomba apande ndani ya nyumba, asafiri nayo. Polisi wa kutusindikiza akamkatalia. "Ona sasa," mzee akasema, "nyumba yangu inaendeshwa barabarani na mimi nanyimwa hata kiti cha abiria." Tulicheka wote, tukaondoka saa moja asubuhi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Ili jikoni kutazame mashariki, ilinibidi nizungukie geti la juu la kiwanja, maana lori lenye nyumba mgongoni haligeuki ndani, na geti la juu lilikuwa tope tupu. Ningesubiri siku mbili pakauke. Lakini kesho yake nilikuwa na nyumba nyingine mji wa pili, na vijana wangu walikuwa wameshaanza kununa. Geti la chini lilikuwa kavu, wazi, linaniita. Nikaingilia hapo. Sikukosea ramani wala sikupotea. Nilijua kabisa nyumba itakaa kinyume, nikasema shusheni hapo hapo.

Coral aliona mara moja. "Nev, mbona jikoni kunatazama magharibi?"

"Injinia kasema udongo wa upande ule ni laini, Mama," nikamwambia. Injinia hakusema lolote.

"Sasa Alwyn nitamwambiaje?"

"Kwani lazima ajue leo? Ndani ni kulekule. Tusimtie wasiwasi. Akishazoea utamwambia taratibu."

Maskini Coral. Wiki nzima mumewe alikuwa hali chakula vizuri kwa hofu ya kuhama. Coral akaniamini. Mzee alipopanda ngazi, akipapasa ukuta mpaka mezani kwake, akauliza, "Dirisha liko mashariki?" Mimi nilikuwa natafuta la kusema, Coral akaniwahi.

"Liko, mpenzi," akasema.

Uongo huo niliuweka mimi mdomoni mwake. Nikapanda lori langu nikaenda zangu.

Baada ya miezi mitatu nyumba huwa imeshatitia kidogo kwenye nguzo, milango inaanza kukwama, na ni kawaida yetu kurudi kuirekebisha. Nilifika saa tisa alasiri. Nikamkuta mzee na pajama, anakoroga uji wa oti.

"Asubuhi njema, Nev. Leo umedamka."

Nikamtazama Coral. Macho yake yalikuwa mekundu. Akanivuta hadi barazani.

"Ndiyo hali yake sasa," akaninong'oneza. "Akiamka kutoka usingizi wa mchana anasema kumekucha. Asubuhi nikimwamsha anagoma, anasema bado usiku. Daktari alimuuliza saa, akakosea mara tatu. Ijumaa tunampeleka kwenye makao ya wazee. Amekubali mwenyewe, anasema hataki kunitesa."

Papo hapo nilijua ni lile dirisha. Nawaambia ukweli wangu wote, kwa hiyo na hili nalisema: nilirudi ndani nikaanza kupiga randa mlango. Niliumaliza. Nikaanza wa pili, nikijiambia labda kweli ni uzee tu. Ndipo nikamwona mzee akiketi mezani na bakuli lake. Aliweka mkono kwenye jua, akautuliza hapo kidogo, kisha akauondoa na kuuficha chini ya meza. Alikuwa hauamini tena.

Nikaweka randa chini.

"Mzee, akili yako haina kasoro. Nyumba niliigeuza mimi. Geti la juu lilikuwa na tope, nikashindwa kusubiri. Hilo ni jua la magharibi."

Coral akanitazama, hajaelewa. "Jua linahusu nini?"

Nikamweleza. Akashika kichwa.

Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akapangusa macho. "Kwa hiyo sijawa mwehu."

"Hapana. Mimi ndiye mshenzi. Jumatatu naleta jeki, naigeuza bure."

"Utaigeuza, tena nitakusimamia mwenyewe. Coral, mpigie binti yako, mwambie Ijumaa siendi popote."

Coral alikuwa analia na kucheka pamoja. Alipiga simu, akabandika birika, akawa anaimba kidogokidogo. Mimi nikavuta pumzi. Nilidhani yamekwisha.

Kisha mzee akasema, polepole, "Coral, siku ile nilikuuliza."

Wimbo ukakatika. "Uliniuliza."

"Ukasema liko."

"Nilitaka utulie tu, Alwyn. Sikujua kama..."

"Ni mimi niliyemshawishi," nikadakia. "Mzee, lawama zote ni zangu."

Akaninyamazisha kwa kiganja. "Wewe ni mtu wa lori. Umenidanganya mara moja, utaondoka. Yeye ndiye macho yangu, Nev. Miaka arobaini na moja sina mengine."

Coral akamimina chai, akaja nayo kwa mikono miwili, akaiweka mezani.

"Chai iko kulia kwako, mpenzi. Ni ya moto."

Mzee hakunyoosha mkono. Akanigeuzia uso mimi.

"Nev," akasema, "kweli iko kulia?"

Nikamwambia ndiyo, Mzee, iko kulia, na sikuweza kumtazama Coral.